Kona Iliyopona

Katika ukoo wa akina Mgaya, pale mtaa wa Ramadhani mjini Njombe, mkamwana mpya hupewa kitalu. Hakuna aliyewahi kuiandika kanuni hiyo, na ukiuliza utaambiwa si kanuni. Lakini kila mwaka, baridi ya Julai inapoanza kulegea, mwanamke aliyeingia ukoo karibuni kuliko wengine huonyeshwa tuta moja nyuma ya nyumba kubwa, huletewa mbegu za nyanya, hoho na kabichi, kisha huachwa. Atasia mwenyewe na kumwagilia mwenyewe. Atasimamisha kichanja cha fito za mianzi, na kila jioni atatandaza majani makavu juu yake ili baridi ya alfajiri isiunguze miche. Jumamosi ya kwanza ya Septemba mashangazi na mawifi huja na mabeseni yao, wakang'oa miche ya kupanda katika bustani zao kwa ajili ya miezi ya joto. Siku hiyo wanatania na kucheka mpaka jua linazama. Baada ya hapo hakuna anayemwita mgeni tena.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya Anneth, binti wa Lyamkena kule Makambako, aliyekuja kwa Remmy mwezi wa tano. Remmy alikuwa dereva wa lori la mbao, nyumbani analala siku mbili kwa wiki akibahatika. Ndoa ya kanisani ilikuwa imepangwa Oktoba. Kwa hiyo Anneth aliishi na mama mkwe wake, Eveline, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Remmy, na miche yake.

Upande wa pili wa ua aliishi Edson Mwalongo na mkewe Lucia. Edson alikuwa amestaafu kazi ya usimamizi katika shamba la chai. Sasa alifuga ng'ombe mmoja wa maziwa, alilima majani ya kumlisha, na alikuwa mzee wa kanisa kwa mwaka wa tisa. Alikuwa mtu wa utaratibu. Jembe lake lilifutwa udongo kabla ya kuingia stoo. Bomba lake la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni, alilisuuza mara tatu kila alipolitumia, mara ya pili kwa sabuni, kisha akalitundika kichwa chini kwenye nguzo ya ua. Majirani walipenda kuliazima kwa sababu hiyo. Walijua bomba la Baba Timoth, kama walivyomwita Edson, ni safi.

Jumamosi moja ya Agosti, wiki mbili kabla ya siku ya mabeseni, mchana, Edson alipulizia kipande chake cha majani ya ng'ombe dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Dawa hiyo nyasi haizigusi. Lakini mmea wowote wenye jani pana huukunja kama utambi na kuuua taratibu. Alipomaliza ilikuwa saa tisa kasoro, na saa tisa kulikuwa na mechi ya watani wa jadi. Vijana wa kibanda cha televisheni walikuwa wamemwekea kiti. Alimwaga kilichobaki, akatia maji, akatikisa mara moja, akamwaga. Alikuwa anavua mabuti Anneth alipofika uani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Vipi kitalu?"

"Kizuri, ila naona kinyausi kinaanza. Miche miwili mitatu imekatikia shingoni. Dawa ninayo, naomba bomba."

"Chukua hilo hapo."

Anneth alilinyanyua, akalichungulia ndani. Alifundishwa vizuri kwao. "Limeoshwa, baba?"

"Limeoshwa. Chukua tu."

Edson alikwenda kwenye mechi. Timu yake ilishinda, na alirudi akipiga mluzi.

Jumatatu usiku kuamkia Jumanne baridi ilirudi ghafla, kama inavyofanya Njombe watu wakishaanza kuvua makoti. Kule bondeni umande uliganda, na viazi vya watu vikaamka vyeusi. Huku juu, kwenye nyumba, watu waliamka tu wakipuliza vidole. Lakini asubuhi hiyo hiyo kitalu cha Anneth kilikuwa kimeinama. Kufika mchana kilikuwa kimelala.

Mama Remmy aliona na hakupiga kelele. Aliuliza swali moja. "Jana jioni ulifunika?"

"Nilifunika, mama."

"Kitalu kilichofunikwa hakifi kwa baridi. Nimelea vitalu tangu hujazaliwa."

"Nilifunika."

"Anneth, miche ikifa tutasia mingine. Uongo ukiingia ndani ya nyumba hii tutasia nini?"

Maneno yaliendelea kwa sauti ya chini siku nzima, na hayo ndiyo mabaya zaidi. Jumatano asubuhi Anneth alibeba begi dogo, akasema anakwenda kumsalimia mama yake Lyamkena. Hakusema atarudi lini, na hakuna aliyemuuliza.

Alhamisi Mama Remmy alimwita Edson amsaidie kusafisha kitalu, kwa kuwa mgongo ulimuuma. Edson alikuja na jembe na kikapu. Aliondoa majani ya kufunikia, akapiga magoti ili aanze kung'oa, na mkono wake ukasimama hewani.

Miche haikuwa myeusi. Mmea ulioungua kwa baridi huwa mweusi na mlegevu, kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Hii ilikuwa imejikunja. Vishina vimepinda na kurudi vilikotoka, majani yamesinyaa yakawa membamba kama nyuzi. Edson aliujua ugonjwa huo. Alikuwa ameutafuta na kuufurahia siku mbili zilizopita, katika magugu ya shamba lake mwenyewe.

Alijiambia asihukumu haraka. Huenda ni baridi na kitu kingine. Akasogea kwa magoti mpaka mwisho wa tuta, upande wa chini, na huko akaukuta ushahidi. Katika kona ya mwisho majani ya kufunikia hayakuwa yamefika. Kona ilikuwa wazi kabisa, na ndani yake miche ya nyanya ilikuwa imesimama wima, ya kijani, mizito, ina umande. Kama baridi ndiyo iliyoua kitalu, ingeanza na hiyo. Baridi haikupanda huku juu kabisa. Kilichoua kilitoka kwenye bomba, na bomba liliishiwa kabla halijafika kwenye kona.

Mama Remmy alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, anachambua maharage. Hatua kumi na mbili. Edson angeweza kumwita. Mdomo wake ulifunguka.

"Baridi ya mwaka huu ni mbaya, Mama Remmy," alisema.

"Mbaya," Mama Remmy alijibu bila kuinua macho. "Ila mbaya zaidi ni mtu kukutazama usoni akakwambia nilifunika."

Edson alianza kung'oa. Alianzia juu, akaenda taratibu, na alipofika kwenye kona hakusimama. Aling'oa na ile mizima. Aliing'oa mmoja mmoja, kwa kuwa hakujua kufanya kazi kwa namna nyingine, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu aliihesabu bila kutaka. Ilikuwa thelathini na tisa. Mizizi yake ilikuwa myeupe, na ilitoka na udongo. Aliiweka kikapuni chini, akaifunika kwa ile iliyokufa, akaenda kumwaga kwenye lundo la mbolea, akatupia samadi juu.

Kisha akafanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alilima tuta upya kina cha jembe zima, akavunja mabonge, akaleta kutoka kwake ndoo sita za samadi iliyoiva, akachanganya, akasawazisha kwa ubao. Alitengeneza kichanja kipya, kirefu kuliko kile cha kwanza. Jasho lilimtoka katika baridi ile.

"Nimebarikiwa jirani," Mama Remmy alisema, akimletea chai. "Wengine wanapewa ndugu, mimi nimepewa jirani."

Chai ilimchoma ulimi naye akainywa yote.

Nyumbani, Lucia alikuwa anakamua. Aliongea bila kugeuka, paji la uso likiwa limeegemea ubavu wa ng'ombe. "Bomba limerudi. Limelala nyuma ya stoo."

"Ndiyo."

"Halijatundikwa."

"Anneth hajui tunavyolitundika."

"Na wewe Jumamosi ulilitundika?"

Maziwa yalilia ndani ya ndoo. Edson alisema, "Nilikuwa na haraka."

"Mechi," Lucia alisema. Akaendelea kukamua. Aliishi na Edson miaka thelathini na nne na alijua kwamba ukimsukuma anaganda. Ukimwacha, anaweza kusogea.

Jumapili baada ya ibada Mama Remmy alimngoja nje ya kanisa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kwaya na uso wake ulikuwa umechoka.

"Baba Timoth, wewe ni mzee wa kanisa. Nakuomba kama mzee wa kanisa."

"Sema, mama."

"Nenda Lyamkena uongee na yule mtoto. Mimi nikipiga simu tunanyamaziana. Mwambie sina shida na miche. Mwambie aseme tu kwamba hakufunika, yaishe. Akikiri, aje nyumbani, ndoa iendelee. Akikataa..." Alitazama upande wa mifyulisi iliyokuwa imeanza kutoa maua kando ya ukuta. "Siwezi kumpa mwanangu mtu asiyeweza kusema nimekosa. Remmy nimeshamwambia. Tutasimamisha matangazo ya ndoa."

"Remmy amesemaje?"

"Remmy anasema mama unajua. Huyo naye."

"Nitaenda," Edson alisema. Alikuwa anatumwa kumfundisha mtu kukiri.

Alikwenda Jumanne. Njia yote hadi Makambako alipanga maneno yake kwa mpangilio: kwanza bomba, pili mechi, tatu kona. Aliyarudia kama mwanafunzi. Alipofika Lyamkena upepo wa Makambako ulikuwa umeshaamka na vumbi linatembea barabarani. Alielekezwa mara mbili, akaipata nyumba.

Anneth alikuwa uani, amejifunga khanga kichwani kwa ajili ya vumbi, anajaza udongo kwenye viroba. Alikuwa ameshapanga kama ishirini kando ya ukuta ambako upepo haupigi sana; vingine vimeshapandwa mboga za chainizi na mnafu.

"Hodi."

"Karibu—" Alimwona, akanyanyuka, akajipangusa mikono. "Shikamoo baba. Karibu. Mama yuko sokoni. Kaa hapo, kwenye benchi, upepo haufiki."

"Marahaba. Hujambo? Naona huku nako unalima."

"Mama alikuwa anaogopa kulima hapa, anasema upepo unabeba mpaka mbegu. Nimemwambia tulime kwenye viroba, upepo ukija tunahamisha shamba." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Umetumwa kunichapa, baba?"

"Nimetumwa kuongea."

"Ni kitu kile kile, ila cha pili hakiachi alama."

Edson alikaa. Alifungua mdomo aanze na la kwanza. Anneth alikuwa ameinamia kiroba tena, akawahi yeye.

"Usihangaike, baba. Mwambie mama ni kweli."

"Nini ni kweli?"

"Sikufunika."

Upepo ulipiga bati. Edson hakusogea.

"Ile Jumatatu Remmy alipiga simu yuko njiani, tukaongea mpaka simu ikaisha chaji. Nikalala. Nilishtuka alfajiri, baridi imeingia mpaka ndani, nikatoka mbio nikatandaza majani gizagiza. Mkono haukufika hata kwenye kona ya chini, nilikuwa natetemeka. Kulipopambazuka mama akaniuliza, nikasema nilifunika. Kwa sababu nilifunika, si ndiyo? Nilifunika maiti." Alipiga udongo kwenye kiroba ili ushuke. "Kisha ilikuwa ngumu kurudi nyuma. Ukishasema mara mbili, ya tatu inajisema. Wewe huwezi kujua hilo, baba, lakini ndivyo lilivyo."

Edson alitazama mikono yake. Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipofunguliwa mbele yake, mpana kabisa. Hakuhitaji kusema chochote. Alitumwa kuleta maneno matatu, *sikufunika, nimekosa, nisamehe*, na mwenye maneno alikuwa anampa bure. Angeyabeba mpaka Njombe. Mama Remmy angelia kidogo, binti angerudi, ndoa ingeendelea. Kila mtu angepata alichotaka. Yeye angepata sifa ya mzee aliyepatanisha. Na kosa la binti lilikuwa la kweli. Hakuwa anambebesha uongo.

Ila maisha yake yote katika nyumba ile Anneth angekuwa yule aliyeua kitalu cha ukoo akiwa kwenye simu. Wanawake wale wangemtania nalo kila Septemba. Lingekuwa utani, na angetakiwa kucheka.

"Baba? Mbona kimya? Si umesikia ulichokijia?"

"Nimesikia. Sasa na mimi usikie." Ule mpangilio wake ulikuwa umepotea, akaanza na la mwisho. "Kona ya chini ilipona."

"Kona gani?"

"Hiyo ambayo majani hayakufika. Nyanya zote zilikuwa zimesimama. Baridi haikuzigusa. Baridi haikufika kwenye kitalu chako, Anneth. Ungefunika, usingefunika, ingekuwa vile vile. Dawa ya magugu ilikuwa kwenye bomba. Mchana ule nilipulizia majani ya ng'ombe. Nilisuuza mara moja, kwa maji matupu. Ulipouliza nilikuwa nakimbilia mpira."

Anneth aliacha kujaza. Alibaki ameshika sepeto.

"Dawa iliisha kabla ya kona," alisema polepole. "Nikasema si neno, huku chini kinyausi hakijafika."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kona ipo."

"Haipo."

"Si umesema ilipona?"

"Niliing'oa."

Alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Edson alijua haina mwisho mwingine, akaimalizia. "Alhamisi Mama Remmy aliniita nisafishe. Nilipoiona nilijua. Nikaing'oa na mingine, nikaizika kwenye lundo. Miche thelathini na tisa."

"Mizima?"

"Mizima."

"Uliihesabu."

"Niliihesabu."

Anneth aliweka sepeto chini. Alikaa juu ya ukingo wa kiroba kilichojaa, hakujali kwamba anakibomoa. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka.

"La bomba ni bahati mbaya, baba. Hata mimi ningeweza kulisuuza mwenyewe, nilihisi harufu nikasema baba kasema limeoshwa. Lakini kung'oa! Ulipiga magoti. Mche mmoja mmoja. Mimi niko huku Lyamkena nalia kwamba sikubakiza hata beseni moja la kuwapa shangazi zake Remmy, wewe unang'oa beseni langu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Alikuwa na majibu kadhaa, na njiani yote yalionekana yana uzito. "Niliona aibu," alisema. "Hakuna kingine."

Upepo uliinua vumbi, wote wawili wakafumba macho, ukapita.

"Nitamwambia Mama Remmy leo," Edson alisema. "Nitamwambia yote, na kwamba wewe huna—"

"Usinisafishe." Alisema kwa heshima, lakini alimkata. "Langu ninalo, nitalisema mimi. Wewe kaseme lako. Tena useme na kona. Usije ukaishia kwenye bomba, kwa sababu kwenye bomba watu watakuonea huruma."

Hakumkaribisha chai. Alimsindikiza mpaka barabarani kama adabu inavyotaka, akamtakia safari njema, akageuka kabla gari halijaondoka.

Mama Remmy alikuwa nyuma ya nyumba Edson aliporudi, anapima kwa macho lile tuta jipya lililolala wazi. Jua la jioni lilikuwa limeshapata nguvu kidogo zaidi kuliko wiki iliyopita; udongo ulikuwa unatoa mvuke.

"Amekubali?" aliuliza.

"Mama Remmy, kaa kwanza."

"Sikai. Amekubali au amekataa?"

Akamwambia akiwa amesimama. Alisema bomba, akasema mechi. Hapo aliona uso wa Mama Remmy unalainika, mkono unanyanyuka kana kwamba utampungia lile jambo lipite, na kweli, ilikuwa kama Anneth alivyosema: angeweza kuishia hapo. Akasema kona.

Mkono wa Mama Remmy ulirudi chini. Alikwenda kwenye lundo la mbolea, akainama na mgongo wake ule mbovu, akaanza kufukua kwa vidole. Edson alisogea amsaidie, Mama Remmy akamwambia, "Simama hapo hapo." Alifukua mpaka akaipata miche: kamba kamba nyeusi zilizooza, haijulikani ipi iliyokuwa nzima na ipi iliyokuwa imekufa. Alizishika kiganjani muda mrefu. Kisha akajipangusa, akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Huyu mzee wako yuko hapa. Ameshasema. Amesema na ya kona."

Upande wa pili palikuwa na sauti ya upepo tu.

"Anneth, na wewe niambie. Ulifunika?"

"Sikufunika, mama. Nilifunika alfajiri. Nilikudanganya, naomba unisamehe."

Mama Remmy alifumba macho. Ng'ombe wa Edson alilia upande wa pili wa ua, ni wakati wa kukamuliwa.

"Basi mmenidanganya wote wawili," Mama Remmy alisema mwishowe. "Kila mmoja kwa wakati wake, mnaniangalia machoni. Wewe ni mwanangu, rudi nyumbani, nitakusema mpaka nichoke, kisha tutasia. Jumamosi shangazi zako watakuja, nitawaambia waje na mbegu badala ya mabeseni. Mwaka huu tutachelewa kula nyanya, hakuna atakayekufa."

"Sawa, mama." Sauti ilikuwa imelowa.

"Na huyo Remmy mwambie akupigie simu mchana."

Alikata. Akamgeukia Edson, na Edson akaona kwamba hasira haikuwepo usoni mwake. Angeipendelea.

"Mwanangu nitajua namna ya kumsema," alisema. "Wewe sijui. Miaka yote hiyo sijawahi kujiuliza nikuseme vipi."

"Mama Remmy, naomba—"

"Najua unaomba. Nenda kakamue, Baba Timoth. Ng'ombe hana kosa."

Ijumaa kulikuwa na kikao cha wazee wa kanisa, na Edson alikwenda akaeleza mbele yao, na bomba na kona, akaomba apumzishwe uzee wa kanisa kwa muda. Walikubali kwa huzuni, na mmoja alisema ni jambo dogo. Edson hakubishana naye.

Jumamosi wanawake walikuja. Kutoka upande wake wa ua Edson aliwasikia kabla hajawaona: mashangazi watatu na mawifi, na sauti ya Anneth katikati, akiulizwa kama huko kwao Makambako mbegu zinasiwa kwenye simu. Kicheko kililipuka. Shangazi mmoja, Idda, alisema, "Mwacheni, mwenzenu alikuwa anamwagilia mume!" Kikalipuka tena, na safari hii Anneth alikuwa anacheka kuliko wote.

Lucia alitoka ndani amejifunga khanga ya pili kiunoni, ameshika kikopo cha mbegu za hoho alizokausha mwenyewe. Alisimama mbele ya mumewe.

"Wameniita," alisema.

"Nenda."

"Na wewe je?"

Edson alisikiliza. Walikuwa wanabishana kuhusu kina cha mifereji ya mbegu, kidole kimoja au viwili. Jambo analolijua vizuri kuliko wote waliokuwa pale. Aliingoja sauti ya Mama Remmy iseme mwiteni Baba Timoth atuamulie, kama ilivyosema kila mwaka. Mama Remmy alisema, "Kidole kimoja na nusu, basi, tuendelee."

"Mimi nitabaki," alimwambia Lucia.

Akachukua jembe lake, akaenda kwenye bustani yao wenyewe ambayo mwaka huo alikuwa hajaigusa, akaanza kulima kwa ajili ya joto, ameupa ua mgongo.